Bastola ya risasi moja: Uwindaji usio na mpira wa kurudi

JULAI 17, 1994, kwenye Uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena, Marekani, Roberto Baggio aliuweka mpira kwenye nukta ya penalti, akarudi nyuma, akakimbia, akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba. Brazil wakawa mabingwa wa dunia, Baggio akabaki palepale, mikono kiunoni, kichwa chini.

Imepita miaka zaidi ya 30 na picha ile bado inauma, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuishabikia Italia. Ndani ya mchezo, kipa akiutema mpira wa penalti unaukimbilia na kuumalizia. Kwenye mikwaju ya kutafuta mshindi hakuna hicho kitu. Ukishapiga, umepiga.

Sasa sikia hii. Wapo watu wamejichagulia wenyewe kuishi kwenye mkwaju wa aina hiyo, na hakuna aliyewalazimisha. Wanaingia porini na bastola inayobeba risasi moja tu, inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu kama ilivyokuwa miaka 200 iliyopita. Baadhi yao bastola hiyo wameiunda kwa mikono yao wenyewe. Dukani zimejaa bunduki zenye darubini, zinazomwangusha mnyama aliyeko mbali kuliko urefu wa viwanja viwili vya mpira. Wao hawazitaki.

Na Baggio, kwa taarifa yako, ni mwindaji wa siku nyingi, mapenzi aliyoanza nayo utotoni akiongozana na baba yake. Klabu aliyomalizia soka mwaka 2004, Brescia, inatoka kwenye mkoa wenye bonde liitwalo Val Trompia, ambako kutengeneza bunduki ni kazi ya karne na karne. Beretta wapo kwenye mji wa Gardone, ndani ya bonde hilo, tangu mwaka 1526. Katika mji huohuo ipo kampuni ya Pedersoli, iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo mkate wake ni kutengeneza nakala za bunduki na bastola za kizamani. Soko lake kubwa ni Marekani, nchi ileile alikopaisha penalti Baggio.

KISWAHILI KINAIJUA

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya Wazungu. Siyo kweli. Lugha yetu ina jina la karibu kila kipande cha silaha hii, na majina hayo hayakutoka kwenye vitabu. Yalitoka kwenye misafara iliyokuwa ikiondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19, wakati bunduki za kushindilia zilipokuwa zikimiminika Zanzibar kwa maelfu.

Fimbo ya kushindilia baruti na risasi inaitwa mdeki. Silaha inayowashwa kwa cheche za jiwe ni ya gumegume. Ile iliyokuja baadaye, inayowashwa kwa kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ndani yake, inatumia fataki. Leo ukisema fataki watu wanawaza sherehe za mwaka mpya, au mzee anayewasumbua wasichana wa shule. Bunduki nzima ndiyo gobori, au gobore kama wanavyosema wengi, na wazee wa vijijini hawahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Bastola ni mdogo wake gobore. Kanuni ni zilezile ila mtutu ni mfupi, hakuna kitako cha kuegemeza begani, na hapo ndipo ugumu wote unapoanzia.

MWEZI BAADA YA MWEZI MEZANI

Marekani imeliacha jambo hili kuwa jepesi kisheria. Sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 haizihesabu silaha za kizamani, pamoja na nakala zake za kushindilia, kama silaha za kawaida kwa upande wa serikali kuu. Kwa hiyo katika majimbo mengi mtu anaweza kuagiza vipande vya bastola kwa posta, vikafika mlangoni kama vile ameagiza viatu. Majimbo mengine yana masharti makali zaidi, na kila jimbo lina kanuni zake za uwindaji.

Anayeanza hununua seti ya vipande: mtutu uliokwisha kuchimbwa kiwandani, mtambo wa kufyatulia, triga, vipambo vya shaba, na ubao uliochongwa nusunusu. Waliobobea huanza na ubao mtupu. Ubao unaopendwa ni wa mti uitwao maple, ule ambao jani lake jekundu liko kwenye bendera ya Kanada. Kuna miti ya aina hiyo ambayo ubao wake una milia inayochezacheza kwenye mwanga, na fundi akiupata wa namna hiyo anautunza kama kocha anavyomtunza kinda wa miaka 16 mwenye kipaji.

Kazi kubwa ni kuulaza mtutu ndani ya ubao. Hapa hakuna mkato. Fundi anaupaka mtutu masizi au rangi nyeusi, anaulaza kwenye mfereji aliouchimba, anaubonyeza, anauinua. Palipobaki alama nyeusi ndipo chuma kinapogusa. Anapakwangua kwa patasi, unyoya mmoja wa ubao tu, kisha anarudia. Paka, laza, inua, kwangua. Mara ya kumi, mara ya hamsini. Akikwangua kupita kiasi, pengo litakalobaki halina dawa, na litamwangalia kila siku atakapoishika bastola yake.

Baada ya mtutu unakuja mtambo. Kwenye bastola ya gumegume kuna tundu dogo ubavuni mwa mtutu ambalo moto hupitia kuingia ndani. Tundu hilo lazima likae sawasawa na kisahani cha baruti kilichopo kwenye mtambo. Likiwa juu mno au chini mno, hata kwa upana wa ncha ya kalamu, bastola itakuwa na kigugumizi maisha yake yote. Wanaojenga kwa mara ya kwanza hulipima tundu hilo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kisha huahirisha kulitoboa hadi kesho yake.

Kuna jambo moja lingemshangaza fundi yeyote wa magari hapa mtaani. Mtutu mpya unang'aa, na mnyama anauona mng'ao huo kabla hajamwona mtu. Basi fundi anautia kutu kwa makusudi. Anaupaka dawa, anauacha kwenye unyevu, kutu inaota, anaisugua, anapaka tena. Akishafanya hivyo kwa siku kadhaa mtutu unakuwa wa kahawia iliyokolea. Hapo anaizima kutu na kuupaka mafuta. Ubao nao hupakwa mafuta ya kitani, tabaka baada ya tabaka, yakisuguliwa kwa kiganja mpaka pawe na joto.

Anayefanya kazi hii jioni baada ya kutoka kazini anaweza kumaliza msimu mzima wa baridi. Mwisho wa yote anakuwa na chombo kinachobeba risasi moja.

FRI-KIKI YA ROBERTO CARLOS NA MTUTU ULIOPINDWA

Shabiki wa mpira ana sababu nyingine ya kuijali silaha hii. Risasi yake ni duara, kama mpira. Na kilichokuwa kikiisumbua risasi ya duara ndicho kilichompa Roberto Carlos lile bao la fri-kiki dhidi ya Ufaransa, Juni 3, 1997 mjini Lyon, pale mpira ulipotoka nje ya ukuta kabisa, mwokota mipira akainama, kisha ukakunja na kuingia ukigusa mwamba wa pembeni.

Katikati ya karne ya 18, Mwingereza Benjamin Robins alikuwa akijiuliza kwa nini risasi za bunduki zenye mtutu laini zinapotea njia. Akaja na wazo la kijanja: akaupinda mdomo wa mtutu kidogo kwenda kushoto. Mtu yeyote angetarajia risasi iende kushoto moja kwa moja. Risasi ilianza kweli kwenda kushoto, halafu ikakunja kurudi kulia. Ilikuwa imekwaruza ukuta wa mtutu, ikazunguka kwa upande, na hewa ikaisukuma. Mjerumani Heinrich Magnus alikuja kuieleza nguvu hiyo miaka 100 baadaye na jina likawa lake, ingawa Robins alikuwa ameshaiona kwenye baruti na moshi.

Mpira usiozunguka kabisa nao una balaa lake. Makipa wanaufahamu, ule unaoyumba hewani kama umelewa, Cristiano Ronaldo akiwa mmoja wa waliowatesa nao. Risasi ya duara iliyotoka kwenye mtutu laini ina tabia hiyohiyo, ama izunguke hovyo ama iyumbe.

Dawa ni kuchimba mifereji ndani ya mtutu inayojizungusha kama parafujo. Risasi ikipita humo inatoka ikizunguka kwenye mstari wa safari yake, na inakwenda ilikoelekezwa. Lakini risasi lazima iishike mifereji hiyo, na hapo ndipo kinapoingia kitambaa. Risasi inayotumika ni ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu. Inafungwa kwenye kipande cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, kisha inasukumwa kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti, ibane. Kitambaa kinajaza nafasi, kinashika mifereji, kinaizungusha risasi, na nje ya mtutu kinaanguka chenyewe.

Kwa bastola yenye tundu la milimita 12.7, risasi ya duara ya madini ya risasi ina uzito wa kama gramu 11 na nusu. Mpira wa miguu una gramu 410 hadi 450. Ndiyo maana upepo na umbali vinaichosha haraka, na mtutu mfupi wa bastola hauipi mbio nyingi tangu mwanzo.

MGUU USISIMAME

Makocha wa washambuliaji wana wimbo mmoja: ukishaupiga mpira, mguu usisimame, uufuate. Kwenye bastola ya gumegume wimbo huo ndio kila kitu.

Ukivuta triga, nyundo iliyobana jiwe inaruka mbele na kukwaruza bamba la chuma. Cheche zinaanguka kwenye kisahani. Baruti ya kisahani inawaka puu, moto unapenya tundu, baruti ya ndani inashika, ndipo risasi inaondoka. Safari hiyo yote, mtambo ukiwa mzuri, ni fupi kuliko kupepesa jicho. Lakini mkono wa binadamu una haraka zaidi ya hapo. Ukiona mwali sentimita chache kutoka usoni mwako, mwili unataka kushtuka. Ukishtuka, risasi ambayo bado imo ndani ya mtutu inatoka ikielekea kwingine.

Aliyelichukia jambo hili kuliko wote alikuwa mchungaji wa kanisa. Alexander John Forsyth wa Belhelvie, Scotland, alikuwa akiwinda bata, na bata wakiona mwali wa kisahani walikuwa wanamkwepa kabla risasi hazijawafikia. Mchungaji akaingia kwenye karakana yake na kutafuta kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake. Kutoka kwenye wazo lake ndipo ilipozaliwa fataki: kikofia kinavishwa juu ya kichuchu cha chuma, nyundo inakigonga, moto unaingia ndani moja kwa moja. Hakuna kisahani, hakuna mwali wa kumshtua bata wala mpigaji.

Na bado wapo wanaoishikilia gumegume leo hii. Ukiwauliza kwa nini, wengi hawana jibu la maana. Wanaipenda tu, kama mtu anavyoshikilia timu iliyoshuka daraja.

MITA 16 NA NUSU

Sasa porini. Alfajiri ya vuli, msitu wa katikati ya Marekani, majani yameanza kuanguka. Mwindaji amekaa ameegemea shina, bastola mapajani, amenyamaza. Anachowinda ni kindi. Kwa Wamarekani wengi wa vijijini kindi ni mboga ya tangu enzi za mababu, na ni mnyama mwepesi kweli kweli, mwenye kichwa kidogo kuliko ngumi ya mtoto.

Kindi anatokea kwenye tawi umbali wa mita 30. Mwenye bunduki ya kisasa angekuwa ameshamaliza. Huyu hafanyi kitu.

Hafanyi kitu kwa sababu ameshajipima. Kabla ya msimu kuanza amepiga risasi nyingi kwenye karatasi, akibadilisha kipimo cha baruti kidogokidogo, akijaribu kitambaa kinene na chembamba, akiandika kila kitu kwenye daftari. Daftari limemwambia kwamba akishika kwa mikono miwili, mgongo ukiwa umeegemea, risasi zake zinakusanyika vizuri hadi umbali fulani. Kwa wengi wao, kwa mnyama mdogo, umbali huo haupiti sana mstari wa eneo la penalti, mita 16 na nusu kutoka golini. Baada ya hapo ni bahati nasibu.

Kindi anashuka. Mita 25. Mita 20. Anasimama, anageuka, anatafuna kitu. Kijani kimoja kimemziba kichwa. Mwindaji ameshainua bastola, nyundo imerudishwa nyuma kabisa, pumzi imekatwa. Akisubiri, mkono utaanza kutetemeka. Akipiga sasa, anaweza kumjeruhi mnyama ambaye atakimbilia shimoni na kufa humo polepole, na hakuna risasi ya pili ya kumaliza mateso yale. Kushindilia upya kunachukua karibu dakika nzima kwa mtu mwenye utulivu, na kwa mtu aliyepaniki hata dakika haitoshi.

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo. Anayeishusha nyundo taratibu na kuiweka bastola mapajani, kindi akaenda zake, hajashindwa. Wenzake wakimsikia jioni hawatamcheka. Watakayemkalia kimya ni yule aliyepiga kwa mita 40 na kurudi akisema "nadhani nilimgusa".

Kwa kulungu hali ni nzito zaidi. Risasi ni kubwa, mnyama ni mkubwa, na baadhi ya majimbo yanaweka kipimo cha chini cha tundu la mtutu kabla hujaruhusiwa kuingia na bastola. Mwindaji anamsubiri asogee, asimame ubavu, ili risasi ipite kwenye mapafu. Anavuta triga, na papo hapo haoni kitu. Baruti nyeusi inatoa wingu jeupe la moshi linalomziba kila kitu mbele, kama shabiki aliyekaa nyuma ya nguzo dakika ya 90. Amesikia kelele za uwanja, hajui kama ni bao.

Hatakiwi kukimbia kuangalia. Anakaa, anashindilia upya kwanza, anasubiri hata nusu saa, ndipo anakwenda mahali mnyama aliposimama kutafuta damu kwenye majani. Anayefuata mapema anamfukuza mnyama aliyejeruhiwa ambaye angelala na kufa karibu.

Wapo wanaopinga mambo haya yote, na hoja yao ina uzito. Wanasema kama kweli unamjali mnyama, chukua silaha yenye uhakika zaidi, acha kufanya majaribio ya historia kwenye mwili wake. Jibu la wawindaji wenye akili ni kwamba uhakika wao wanautafuta kwenye umbali badala ya kuutafuta kwenye mashine. Jibu hilo ni zuri kwa yule anayelitekeleza. Kwa asiyeweza kuiacha bastola mapajani kindi akiwa mbali, wapinzani wana haki, na mtu huyo abaki na karatasi zake.

ALIYESAHAU BARUTI

Vichekesho havikosekani. Kosa maarufu kuliko yote ni kushindilia risasi na kusahau baruti. Mtu amepima kila kitu, amejiandaa, ameongea mno na jirani yake, amesukuma risasi hadi chini, amelenga, amevuta. Tik. Hakuna kitu. Sasa risasi imekaa chini ya mtutu na inabidi itolewe kwa kifaa cha kuichoma na kuivuta kama kizibo cha chupa, wenzake wote wakiangalia. Kuna mwingine anasahau kuutoa mdeki, anaufyatua ukiruka kama mshale. Huyo hachekwi sana, maana kosa lake linaweza kuua.

Na kuna lile la kutisha: umevuta triga, kisahani kimewaka, ndani kimya. Hujui kama moto umekufa au unatambaa. Sheria haina mjadala. Bastola inabaki imeelekezwa mahali salama, unahesabu dakika nzima au zaidi, hakuna kuchungulia.

Wasiopenda kuua wana pa kwenda. Chama cha kitaifa cha Wamarekani wapenda bunduki za kushindilia kilianzishwa mwaka 1933, na viwanja vyake viko kwenye kijiji kinachoitwa Friendship, jimbo la Indiana, ambako watu hukusanyika kushindana. Kuna na mashindano ya dunia. Kwenye bastola ya fataki, umbali ni mita 25, zaidi ya mara mbili ya penalti, na mpigaji anasimama, mkono mmoja. Anapewa dakika 30 na risasi 13, halafu zinahesabiwa 10 bora. Ndiyo, tatu mbaya zinafutwa. Baggio angependa sheria hiyo. Mashindano ya bastola ya gumegume yenye mtutu laini yamepewa jina la Cominazzo, ukoo wa mafundi wa mitutu kutoka Gardone, bonde lilelile la mkoa wa Brescia.

GOBORE LA NYUMBANI

Hapa kwetu hadithi ina sura nyingine, na msomaji asije akachanganya. Kumiliki silaha ya moto bila kibali ni kosa Tanzania, na gobore nalo ni silaha ya moto, liwe la babu au la fundi wa jana. Kila mara polisi wanapotangaza silaha walizokamata au zilizosalimishwa, magobore huwa yamo.

Kuna na suala la usalama wa anayelishika. Mtutu wa bastola ya Gardone umetengenezwa kwa chuma cha kazi hiyo na unapimwa kwa kulipuliwa na baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujauzwa. London walianza kupima mitutu karne ya 17, Birmingham wakajenga nyumba yao ya vipimo mwaka 1813. Sababu yake ni damu: mitutu mibovu ilikuwa inapasukia mikononi na usoni. Gobore la bomba la maji halijapimwa na mtu. Wa kwanza kulipima ni anayelifyatua, na shavu lake liko pembeni.

Inasikitisha kidogo, kwa sababu ufundi ulikuwepo. Wahunzi wetu waliokuwa wakitengeneza mitambo na kuifufua bunduki mbovu za misafara walikuwa mafundi wa kweli. Wamarekani wa leo wanalipia madarasa ili wajifunze kazi kama hiyo.

Turudi msituni. Jua limezama na kindi hakurudi. Mwindaji anaifyatua bastola kwenye udongo wa mteremko, mahali salama, maana si vizuri kurudi nyumbani na mtutu ulioshindiliwa. Moshi unapanda na kuning'inia. Kwa kuwa masalia ya baruti nyeusi yanakula chuma usiku kucha, hawezi kusema atasafisha kesho. Anafika nyumbani, anachemsha maji, anautoa mtutu kwenye ubao wake, anauosha kwa sabuni kwenye beseni mpaka maji yaache kuwa meusi, anaukausha, anaupaka mafuta. Kisha anafungua daftari na kuandika tarehe, hali ya hewa, na risasi alizopiga siku hiyo: moja, kwenye udongo.